Mgonjwa yuko Kitui, mwalimu yuko Nairobi: Darasa la mabingwa lishuke kaunti

Mtoto wa miaka mitatu anacheza uani huku mama yake akipepeta ndengu. Anachota punje chache, anazitia kinywani, anacheka, na moja inateleza ikashuka kwenye njia ya hewa badala ya njia ya chakula. Anakohoa hadi machozi yanamtoka. Baada ya muda kikohozi kinatulia, na watu wa boma wanashukuru wakidhani mambo yamekwisha.

Hayajaisha. Punje kavu ikikaa penye unyevu hufura. Baada ya siku mbili tatu mtoto anapumua kwa sauti ya filimbi, homa inapanda, na zahanatini anatibiwa nimonia. Hakuna dawa ya nimonia inayoweza kuitoa ndengu kifuani.

Huu ni mfano tu, lakini ni aina ya dharura ambayo madaktari wa masikio, pua na koo hukutana nayo mara kwa mara. Na katika kaunti kama Kitui, ambako ndengu ndiyo zao la karibu kila shamba, si jambo la kufikirika. Kuitoa punje ile kunahitaji vitu vinne kwa pamoja: bingwa aliyefunzwa, bomba maalum lenye taa linaloingizwa kwenye njia ya hewa, mtaalamu wa nusukaputi anayejua kulaza watoto, na chumba cha upasuaji kinachofunguliwa hata saa nane za usiku. Kikikosekana kimoja, vitatu vilivyobaki havisaidii kitu.

Familia ya Mutha au Mutomo, Kitui Kusini, ikiambiwa mtoto apelekwe mbele, huteremka na barabara ya lami hadi Kibwezi. Pale njiapanda, kulia ni Nairobi na kushoto ni Mombasa. Aliye na ndugu Changamwe atakuja kwetu.

Ndiyo maana suala la Kitui linatuhusu sisi wa Pwani. Kaunti hiyo inapakana na Tana River na Taita Taveta. Kwa hesabu ya watu ya 2019 ilikuwa na wakazi 1,136,187, karibu sawa na Mombasa yenye 1,208,333. Tofauti ni kwamba wa Kitui wametawanyika katika eneo la zaidi ya kilomita mraba 30,000. Na shida yao ndiyo shida ya Garsen, Lunga Lunga na Faza: maradhi yako hapa, mabingwa wako kwingine.

Bingwa hutengenezwa vipi

Tunapolalamika kwamba hakuna daktari bingwa, mara nyingi tunazungumza kana kwamba mabingwa wako ghalani na serikali imekataa kuwatoa. Ukweli ni kwamba bingwa hutengenezwa, na kazi hiyo ni ndefu.

Kwanza anasomea udaktari wa kawaida, kisha uanagenzi, kisha miaka kadhaa ya kufanya kazi. Baada ya hapo ndipo anarudi chuoni kusomea upasuaji wa masikio, pua na koo, na hiyo ni miaka mingine minne au mitano. Hapa nchini mafunzo hayo kwa muda mrefu yamejengwa juu ya nguzo mbili: Chuo Kikuu cha Nairobi na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta.

Kwa nini isiwe kozi ya mwaka mmoja? Fikiria mfupa ulio nyuma ya sikio. Mtoto anayetoka usaha sikioni kwa miezi na miaka anaweza kupata uozo unaoula mfupa ule, na wakati mwingine uchafu husambaa hadi kwenye ubongo. Daktari hulazimika kuuchonga mfupa kwa mashine ndogo huku akitazama kwa darubini. Ndani ya mfupa huohuo umepita mshipa wa neva unaouendesha uso. Mkono ukiteleza milimita moja, mgonjwa anaamka na upande mmoja wa uso umelegea, pengine maisha yake yote.

Kazi ya namna hiyo haifundishwi kwa vitabu pekee. Mwanafunzi hutazama, kisha hushika kidogo, kisha hushika zaidi, na mwalimu yuko ubavuni wakati wote. Kwa hivyo hesabu ya mabingwa haianzii kwa idadi ya wanafunzi. Inaanzia kwa walimu, kwa vyumba vya upasuaji, na kwa wagonjwa ambao mwanafunzi atajifunza kwao.

Wagonjwa ndio hao wako Kitui. Walimu na vyumba viko Nairobi.

Wanaobeba mzigo

Kuna jambo ambalo wananchi wengi hawalijui. Katika hospitali kubwa za mafunzo, daktari unayemkuta usiku mara nyingi si profesa. Ni yule anayesomea ubingwa. Ndiye anayepokea dharura, anayepiga simu kwa mkubwa wake, anayelala kwenye kiti. Aliyetumwa na kaunti au Wizara kwa likizo ya masomo huendelea kupata mshahara wake. Aliyejigharamia hulipa karo, na kazi ile yote anaifanya bila mshahara.

Uzito wa watu hawa huonekana wanapokosekana. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 5, 2016 ulidumu siku 100. Ule wa 2024, ulioanza Machi 14, ulichukua siku 56, na malipo ya wanaosomea ubingwa yalikuwa miongoni mwa masuala yaliyobishaniwa pamoja na yale ya madaktari wanagenzi.

Mwaka 2018 nchi ilishtuka kusikia kwamba mgonjwa asiyestahili alifunguliwa kichwa katika Hospitali ya Kenyatta baada ya wagonjwa wawili kuchanganywa. Daktari aliyesimamishwa kazi alikuwa anasomea ubingwa wa ubongo, na wenzake waliandamana wakisema anatolewa kafara. Iwe ulikuwa upande wao au upande wa hospitali, kisa kile kilitufunulia jambo: tumewarundika wagonjwa wa nchi nzima mahali pamoja, kisha tukawapa vijana walio katikati ya masomo wausukume mzigo huo.

Njia tatu zilizojaribiwa

Tangu afya igatuliwe mwaka 2013, serikali zimejaribu njia mbalimbali. Tatu zinafaa kukumbukwa.

Ya kwanza ni mashine. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianzisha mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu kwa hospitali 98, kwa gharama iliyotajwa kuwa Sh38 bilioni. Kila kaunti ilikatwa fedha zake. Baadhi ya hospitali zilipokea vifaa bila kuwa na umeme wa kutosha, chumba cha kuviweka au mtu wa kuviendesha, na mwaka 2020 kamati ya Seneti iliukosoa mpango huo vikali.

Ya pili ni kuleta mabingwa kutoka nje. Mwaka 2018 madaktari 100 wa Kuba waliletwa na kusambazwa kaunti mbalimbali. Walitibu watu, na wapo wanaowakumbuka kwa shukrani. Lakini mpango ule haukuundwa kuwa darasa. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kuwa mkataba hautaendelea, na daktari mgeni anapoondoka bila kuacha mwanafunzi, ujuzi wake huondoka naye kwenye sanduku.

Ya tatu ni kambi za matibabu. Mabingwa hufika kwa siku tatu au nne, hupima mamia, huwapasua wachache. Ni kazi ya heri. Ila sikio lililopasuliwa linataka kuangaliwa wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza, na mwaka wa kwanza. Kambi ikishang'olewa, mgonjwa amwone nani?

Kasoro ya njia zote tatu ni moja. Mashine zilikuja bila watu, watu wakaja bila wanafunzi, na kambi ikaja bila kesho. Na hata kaunti inapomlipia daktari wake asome, tunaweza kurudia kosa lilelile kinyumenyume: anarudi amehitimu, anakuta hakuna darubini, hakuna mashine ya kuchonga mfupa, hakuna chumba cha kupimia usikivu. Anaishia kuandika barua za rufaa kwenda kulekule alikosomea. Mkataba wa kuitumikia kaunti unaweza kumfunga miguu, lakini hauwezi kuulinda ujuzi wa mikono yake usipotee.

Inawezekana nje ya Nairobi

Wapo watakaosema ubingwa haufundishiki mashambani. Historia yetu inakataa.

Eldoret ilikuwa na hospitali ya wilaya. Kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Moi kilipopelekwa huko, walimu waliifuata kazi, wanafunzi wakawafuata walimu, na leo hospitali ile ni ya rufaa ya kitaifa inayopokea wagonjwa wa magharibi yote ya nchi. Tenwek, hospitali ya misheni huko Bomet, inafunza madaktari wa upasuaji mbali kabisa na jiji.

Uko pia mfumo wa Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kinachojulikana kwa kifupi kama COSECSA, kilichoanzishwa 1999 na chenye makao Arusha. Chuo hicho hakina kuta. Hukagua hospitali, na ikiwa ina mwalimu anayetambuliwa, wagonjwa wa kutosha na vifaa, daktari anasomea papo hapo anapofanyia kazi, kisha anaketi mtihani mmoja na wenzake wa nchi nyingine. Upasuaji wa masikio, pua na koo umo katika orodha ya masomo yake.

Hata kitabu si kisingizio tena. Profesa Johan Fagan wa Chuo Kikuu cha Cape Town amesimamia mkusanyiko wa mwongozo wa upasuaji wa masikio, pua, koo na shingo unaopatikana mtandaoni bila malipo. Daktari aliye Kitui anausoma sawa na aliye London.

Na hatuanzi na mikono mitupu. Chuo cha Mafunzo ya Udaktari cha Kenya, KMTC, kimekuwa kikiwafunza maafisa wa kliniki kushughulikia masikio, pua na koo. Hao ndio wanaosafisha masikio yenye usaha na kumgundua mtoto asiyesikia kabla hajaachwa nyuma darasani. Bingwa mmoja akiwa na maafisa kama hao katika kila kaunti ndogo, anaweza kuifikia kaunti nzima. Bila wao anazama kwenye foleni ya watu ambao wangetibiwa karibu na nyumbani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unaweza kuzuiwa. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Haya masikio mengi ya watoto wetu hayakuwa ya kufa.

Hofu za haki

Wahadhiri wa Nairobi wana hofu zao, na si za kupuuzwa. Ukimtuma mwanafunzi Kitui bila mwalimu, umempa mgonjwa wa kijijini daktari nusu. Hilo likatazwe kabisa. Kupeleka mafunzo kaunti kusiwe jina jipya la kupata vibarua wa bei rahisi.

Kwa hivyo mwalimu atangulie. Bingwa aliye kaunti apewe hadhi ya uhadhiri na marupurupu yake, na apunguziwe kliniki ili apate saa za kufundisha. Wanafunzi wa ubingwa waje baadaye, kwa zamu za miezi mitatu au minne, wakiwa na nyumba na malipo. Upasuaji mgumu wa saratani ya koo ubaki kwenye hospitali kubwa, lakini punje ya ndengu, tonsili, sikio la usaha na damu ya pua vitibiwe hapa.

Hofu ya pili ni fedha. Kweli, mgao wa kaunti huchelewa kila mwaka. Lakini hakuna anayesema kila kaunti inunue kila kitu. Kitui, Makueni na Machakos tayari zina muungano wao wa kiuchumi, na sisi tuna Jumuiya ya Kaunti za Pwani yenye kaunti sita. Darubini moja na mwalimu mmoja kwa kaunti tatu ni jambo linalolipika. Makueni ilipoanzisha mpango wake wa afya kwa Sh500 kwa familia kwa mwaka, wengi walisema hauwezekani. Watu wakatibiwa.

Tuulize nini

Sheria inataka makadirio ya bajeti ya kaunti yafike kwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na kabla ya hapo wananchi watoe maoni. Mikutano hiyo sisi huijaza kwa maombi ya barabara na basari, ambayo ni ya haki. Mwaka huu tuongeze maswali matatu, hapa Pwani kama kule Kitui.

La kwanza: kaunti imelipia madaktari wangapi wasomee ubingwa, na wa fani gani? La pili: siku watakaporudi, vifaa vyao vimetengewa kiasi gani, na katika bajeti ya mwaka upi? La tatu: ni lini Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kitui, au Coast General hapa Mombasa, itakuwa na zamu za kudumu za wanaosomea masikio, pua na koo chini ya mwalimu anayeishi hapohapo?

Gavana akijibu kwamba mipango inaendelea, aombwe tarehe. Miaka mitano ya kumtengeneza bingwa ni sawa na muhula mmoja wa gavana. Kaunti iliyopeleka daktari shuleni mwaka 2013 na kumwandalia mahali pa kufanyia kazi, kufikia sasa ingekuwa na bingwa aliyeanza kufundisha wengine.

Mtoto mwenye ndengu kifuani hana miaka mitano. Ana siku chache, na barabara ndefu ya kwenda Kibwezi.