Mwandiko na Hulka: Tahadhari kwa Wasomaji wa Hati za Mkono

Miongoni mwa imani zinazopokewa bila kuhojiwa katika jamii zenye mazoea ya kusoma na kuandika ni ile isemayo kwamba mwandiko ni kioo cha nafsi. Herufi zilizonyooka huhesabiwa kuwa dalili ya uadilifu. Zilizopinda hudhaniwa kuwa za mtu mzembe. Imani hii haiishii barazani. Mwalimu anayesahihisha insha huko Simbo, katika Wilaya ya Kigoma, na mwajiri anayetaka barua ya maombi iandikwe kwa mkono, wote wawili huweza kumhukumu mtu kwa kutazama umbo la herufi zake. Makala haya yanadai kwamba hukumu ya namna hiyo haina msingi, na kwamba kinachomfichua mwandishi ni maneno yake.

Madai ya kusoma hulka katika mwandiko yana historia ndefu. Mwaka 1622 Mwitaliano Camillo Baldi alichapisha kitabu kuhusu namna ya kutambua tabia ya mtu kutokana na barua yake. Katika miaka ya 1870 kasisi Mfaransa Jean-Hippolyte Michon aliieneza elimu hiyo kwa jina la grafolojia, akiambatanisha alama za herufi na sifa za nafsi. Hata hivyo, kuambatanisha si kuthibitisha. Mwaka 1989 Efrat Neter na Gershon Ben-Shakhar walichapisha uchambuzi uliojumlisha tafiti kadhaa kuhusu utabiri wa ufanisi kazini. Ilidhihirika kwamba wanagrafolojia hawakuwashinda watu wasioisomea taaluma hiyo. Aidha, hati zilipokuwa hazina habari za maisha ya waandishi, utabiri wao ulikaribia kukosa thamani kabisa. Yaani, walichokitambua kilitoka katika habari zilizosimuliwa, si katika mikunjo ya herufi.

Mfano ulio jirani na Simbo unapatikana katika historia ya Ujiji. David Livingstone aliwasili Ujiji mwezi Oktoba 1871 akitoka Nyangwe, magharibi ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Huko alikuwa ameishiwa karatasi na wino. Sehemu kubwa ya shajara yake aliiandika juu ya kurasa za gazeti la London, The Standard, akikatiza mistari iliyokwisha kupigwa chapa, kwa wino uliotengenezwa kutokana na mbegu za mmea. Wino huo ulififia mno, hata ikalazimu wataalamu walioongozwa na Adrian Wisnicki wazipige kurasa hizo picha kwa mianga ya aina mbalimbali ndipo zisomeke. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011.

Mtu atakayezitazama kurasa hizo bila kujua kisa chake huenda akamdhania mwandishi kuwa amevurugikiwa na akili. Kwa hakika anachokiona ni uhaba wa karatasi. Tena, maswali ya wanahistoria kuhusu mwenendo wa Livingstone hayakuzuka kutokana na umbo la herufi. Yalizuka walipolinganisha maneno ya shajara kuhusu mauaji ya sokoni Nyangwe, ya tarehe 15 Julai 1871, na maelezo aliyoyaandika upya baadaye katika kitabu chake kikubwa cha kumbukumbu. Tofauti baina ya matini hizo mbili, hasa kuhusu wafuasi wake mwenyewe, ndiyo iliyofanya watu waulize alipunguza nini na kwa nini. Mkono ulikuwa uleule. Maneno ndiyo yaliyobadilika.

Hati za pwani zinatoa ushahidi wa upande wa pili, yaani wa mwandiko mzuri. Muhammad Kijuma wa Lamu, mshairi na mchonga nakshi, alisifika kwa nakala alizoziandika kwa hati za Kiarabu, nyingine kwa ajili ya wataalamu wa Kizungu. Uzuri wa nakala hizo unashuhudia ufundi wake, hauthibitishi zaidi ya hapo. Mnakili hodari huandika kwa khati ileile utenzi wa dini na hati ya deni.

Haisemwi hapa kwamba mwandiko ni bubu. Huweza kuonyesha shule aliyofunzwa mtu, uzee, au maradhi: ugonjwa wa Parkinson, kwa mfano, hufanya herufi zidogoke. Mchunguzi wa hati za kughushi naye hulinganisha miandiko ili aamue ni nani aliyeandika. Lakini kujua ni nani aliyeandika si kujua yeye ni mtu wa namna gani. Mwandiko ni samaki aliyekunjwa angali mbichi. Mkunjo wake unamweleza aliyemkunja kuliko unavyomweleza samaki mwenyewe.

Mtoto wa Simbo aandikaye gotini kwa mwanga wa koroboi, au aliyelazimishwa kuuacha mkono wake wa kushoto, hastahili kuitwa mzembe kwa sababu ya mistari yake. Unadhifu wa mwandiko ni stadi; na ufundishwe, upewe alama zake peke yake, wala usiguse alama za hoja. Vivyo hivyo, mwajiri anayetaka kujua uaminifu wa mwombaji na awaulize waliofanya naye kazi. Barua na isomwe kwa yale iliyoyasema.