Viti viwili, watu watatu

SEHEMU YA 1

Wale mliokuwa mnasubiri mwendelezo wa somo la umanjano wa watoto wachanga mnisamehe, tutalimalizia wiki ijayo. Leo kuna jambo limenikaa kooni, nisipolisema sitalala.

Juzi mama mmoja alinitumia ujumbe inboksi. Nimemwomba ruhusa nilizungumze bila kumtaja, amekubali. Ana mtoto wa miezi saba, wa kwanza. Mume wake kazi zake zimemwendea vizuri, sasa wanataka kuagiza gari. Ni gari lao la kwanza na ndilo litakuwa gari pekee la nyumba.

Baba amebaki na mawili, yote yaliyotumika, yote kutoka Japani. La kwanza ni Mazda Roadster, ile ambayo nchi nyingine inaitwa MX-5. La pili ni Porsche Boxster. Mazda ni nafuu. Porsche ni ghali ila, kwa maneno ya baba, "ina heshima yake". Mama akaniuliza: "Dada nesi, wewe kaka yako ni fundi, nimshauri ipi?"

Nikamjibu swali kwa swali. Wewe na mtoto mtakaa wapi?

Kimya. Baadaye sana akaandika neno moja: "Nitampakata."

Jamani, neno hilo ndilo limenitoa kitandani.

SEHEMU YA 2

Kabla baba zetu hawajanirukia, niseme ukweli: haya magari ni mazuri. Nilimuuliza kaka yangu, na mwanaume mzima alitabasamu kama mtoto aliyeona maandazi.

Roadster ilioneshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989. Kigari chepesi, injini ndogo mbele, paa la turubai unalishusha ukitaka upepo. Watu waliipenda mpaka ikavunja rekodi ya dunia ya gari la michezo la viti viwili lililouzwa zaidi, na mwaka 2016 Mazda walitimiza magari milioni moja. Boxster ilianza kuuzwa mwaka 1996. Injini yake iko katikati, nyuma ya mgongo wa dereva, ndiyo maana ina buti mbili, moja mbele na nyingine nyuma. Nayo inashusha paa.

Kwa hiyo ukiniuliza tu ipi kati ya hizi mbili, bila mtoto, bila mama, jibu langu ni Mazda na wala sifikirii mara mbili. Furaha ni ileile: upepo, kona, mlio. Ukilipa zaidi kwa Porsche, sehemu kubwa ya hiyo nyongeza unanunua macho ya watu kwenye foleni. Na bei ya kununua ni mwanzo tu. Ushuru wa forodha unapigwa kwa asilimia ya thamani ya gari, VAT nayo asilimia, kwa hiyo gari ghali linakatwa ghali. Injini ikizidi sisi 2000, ushuru wa bidhaa unapanda tena, na Boxster nyingi za zamani zimezidi hapo. Gari likiwa na miaka mingi, kuna nyongeza ya uchakavu. Halafu bima kubwa, nayo inafuata thamani. Kaka yangu akaongeza kwamba Boxster za kizazi cha kwanza zina beringi moja ndani kabisa ya injini, inaitwa IMS, ikivunjika inaweza kuondoka na injini nzima. Hiyo siyo pesa ya kuomba kwa shemeji.

Lakini mama wenzangu, nimeandika aya nzima ya kulinganisha, na mnaona nilichofanya? Nimeingia kwenye mtego uleule. Nimechagua kati ya nafuu na ghali, na mtoto bado hana pa kukaa.

Maana kwenye jambo linalotuhusu sisi, haya magari hayatofautiani hata chembe. Hili lina viti viwili na lile lina viti viwili. Nyumba ina watu watatu. Hakuna heshima ya Porsche wala unafuu wa Mazda utakaobadilisha hesabu hiyo.

SEHEMU YA 3

Sasa tuzungumze kuhusu "nitampakata".

Mtoto wa miezi saba ana kama kilo nane. Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo wa mjini tu, hakuna aliyekimbia. Likigonga kitu na kusimama ndani ya nusu mita, mwili wa mtoto unaendelea kwenda mbele kwa nguvu ya kama mara 20 ya uzito wake. Zile kilo nane zinakuwa kama kilo 160. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Nitajie mama mmoja, mwenye mikono ya chuma, anayeweza kushika mifuko mitatu ya saruji inayorushwa ghafla kutoka kifuani kwake. Na anapewa muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Kuna wanaofunga mkanda mmoja, mama na mtoto pamoja. Msifanye hivyo. Mkanda utamzuia mama, na mtoto atakuwa katikati, ndiye anayebanwa na uzito wa mama yake mwenyewe. Kumfunga kwa kanga kifuani nako si kinga ya ajali.

Halafu kwenye kiti cha mbele kuna eabegi, ule mfuko wa hewa kwenye dashibodi. Umetengenezwa kwa mtu mzima aliyefunga mkanda. Unafumuka kwa kasi inayoweza kupita kilomita 200 kwa saa. Mtoto akiwa mapajani, kichwa chake kiko palepale unapofumukia. Hata ukimweka kwenye kiti chake kinachotazama nyuma, kama eabegi iko hai, unapiga mgongo wa kile kiti na kukisukuma na kichwa cha mtoto. Ndiyo maana magari mengi yana ile picha ya onyo kwenye kioo cha kukingia jua. Haikuwekwa kwa urembo.

Nilipokuwa mapokezi ya dharura, aliletwa mtoto mdogo kuliko huyu wa miezi saba. Gari halikuwa kwenye mwendo mkali. Baba alikuwa na mchubuko wa mkanda begani. Mama alikuwa ameumia mkono. Mtoto hatukumpata. Mama yule hakulia, alikuwa anarudia sentensi moja kwa kila aliyevaa nguo nyeupe: "Sista, nilimshika. Nilikuwa nimemshika."

Nilimwamini. Alimshika kweli. Nami sikuwa na cha kumjibu, nikamletea maji.

Mnisamehe kwa kuandika hili, najua kuna mnaonyonyesha muda huu. Ila sijui namna nyingine ya kueleza kwa nini siwezi kujibu "ipi" bila kuuliza "atakaa wapi".

SEHEMU YA 4

Najua maoni yanakuja. Nitayajibu hapahapa.

"Nesi, kuna swichi ya kuzima eabegi ya abiria." Kweli, baadhi ya magari ya viti viwili yanayo, angalia gari lako. Uizime, ufunge kiti cha mtoto sawasawa, mtoto yuko salama zaidi kuliko mapajani. Vizuri. Sasa dereva ni baba, kiti cha pili ni cha mtoto. Mama yuko wapi? Siku ya kliniki, siku ya chanjo, siku mtoto ana homa saa nane usiku na anataka kunyonya, mama anafuata nyuma na bajaji? Kwa hiyo tumeagiza gari, tumelipa ushuru, na mama amebaki kituoni. Hebu liseme kwa sauti uone linavyosikika.

"Porsche ni imara, Wajerumani hawachezi." Uimara wa gari unamlinda aliyefungwa ndani yake. Asiyefungwa, gari likisimama yeye anaendelea. Bei haimfungi mtoto mkanda.

"Sisi tulipakatwa na tumekua." Tumekua sisi tunaoandika. Wasiokua hawana akaunti. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani, na linasema pia kiti cha mtoto kinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwenye ajali kwa asilimia 71. Sijaona chanjo nyingi zenye sifa hiyo ambazo mama anazikataa kwa sababu bibi hakuchanjwa.

"Hela ni ya baba, mwache ajifurahishe." Hapa nitakuwa mkali kidogo. Baba ajifurahishe, kwa nini asijifurahishe? Anaamka alfajiri, anahangaika. Akitaka Roadster iwe gari la pili, la Jumamosi, wakati nyumbani kuna gari la kubeba familia, mimi mwenyewe nitamshangilia. Tatizo ni kuita kitu cha starehe ya mtu mmoja "gari letu". Na tatizo kubwa zaidi ni kumletea mama karatasi yenye machaguo mawili, yote mawili yasiyo na nafasi yake, halafu kumwambia: haya, chagua, si nimekushirikisha? Huko siyo kushirikishwa, mama. Ukiletewa machaguo ya namna hiyo una haki ya kusema: sichagui, leta la tatu.

"Nesi una wivu." Natembea na daladala, mpenzi. Wivu ninao wa magari yote, hata IST.

SEHEMU YA 5

La tatu ni lipi? Halina picha nzuri ya kuposti, nawaambia mapema. Ni gari lolote la milango minne lenye kiti cha nyuma kizima: IST, Spacio, Honda Fit, Nissan Note, yale tunayoyaona kila siku na spea zake ziko kila kona. Kwa hela ya ile Porsche unanunua la namna hiyo na chenji inabaki. Kwa hela ya Roadster nzuri pia unapata.

Kabla hamjalipa, fanyeni haya:

Kaa kiti cha nyuma. Vuta mkanda mmojammoja kwa nguvu, ghafla. Lazima ukatae na kukaza. Mengi yanayotumika huku mikanda ya nyuma imefukiwa chini ya kiti au haishiki.

Pitisha vidole pale mgongo wa kiti unapokutana na kalio. Ukigusa vyuma viwili kila upande, hivyo ni vishikizo vya ISOFIX vya kufungia kiti cha mtoto. Visipokuwepo, kiti cha kufunga kwa mkanda kinafaa pia, ila soma maelezo na ukaze kisicheze.

Mtoto mchanga atazame nyuma, na aendelee hivyo muda mrefu kadiri kiti kinavyoruhusu, siyo mpaka aanze kulia tu. Shingo yake bado haijaweza kubeba kichwa kikirushwa mbele. Baadaye ageuzwe mbele kwenye kiti chake, halafu kiti cha kunyanyulia mpaka mkanda wa kawaida umkae begani na nyongani, siyo shingoni na tumboni.

Kiti cha mtoto cha mtumba usinunue kama hujui historia yake. Kikishapita kwenye ajali hakifai, hata kama kinang'aa.

Na wale wenzangu ambao gari lolote bado ni ndoto, sijawasahau. Ndio wengi, na mimi nikiwemo. Ukipanda teksi na mtoto, kaa nyuma, siyo mbele. Ni bure, na unaweza kuanza kesho.

Yule mama ameniandikia tena mchana huu. Alimsomea mume wake hesabu ya saruji. Mume alikasirika, akasema huyo nesi wako hajui magari. Kisha jioni amemkuta amekaa na simu, bado anaangalia picha za Roadster nyekundu. Hawajaamua.

Baba, kama unasoma, na najua unasoma: mimi magari siyajui kweli, hilo umenipata. Ila chukua mkeo na mwanao, nendeni mkaione hiyo gari pamoja, wote watatu. Fungua mlango. Waambie waingie. Halafu uingie na wewe.

Niko nait leo. Maswali wekeni chini, nitajibu asubuhi nikitoka.