Kadi ya Michoro: Kununua Sasa au Kungoja?

 

Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja wa parokia yetu anayejipatia riziki kwa kuhariri video za harusi na komunyo ya kwanza alitufuata sakristia na swali ambalo seminarini hatukuandaliwa kulijibu. Kompyuta yake ina kadi ya michoro ya GTX 1050 Ti, toleo la mwaka 2016, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4. Amejikusanyia fedha za kununua nyingine. Rafiki zake wanamkanya: angoje toleo lijalo, hapo haya ya sasa yatashuka bei. "Baba Paroko, ninunue au ningoje?"

Wahenga hawakumsaidia. Walisema haraka haraka haina baraka, wakasema tena ngoja ngoja huumiza matumbo; lolote utakalo kulitenda, utapata methali ya kukusindikiza.

Soko nalo halimsaidii. Mwezi Septemba 2020 kampuni ya Nvidia ilitangaza kadi ya RTX 3080 kwa dola 699. Chipu zikaadimika, wachimbaji wa sarafu za kidijitali wakazinunua kadi kwa mafungu, na mwaka 2021 kadi ile ile iliuzwa hata zaidi ya mara mbili ya bei hiyo. Aliyengoja akaumia. Kisha tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum ukaachana na uchimbaji unaotumia kadi hizo, nazo zikamwagika sokoni kama mitumba. Safari hii akajuta yule aliyeharakisha. Mwishoni mwa 2025 mambo yakageuka tena: vituo vya akili mnemba vilizigombania chipu za kumbukumbu hata bei zake zikapaa, na kadi za michoro hutegemea kumbukumbu za viwanda vile vile vya Samsung, SK Hynix na Micron. Kwa hiyo anayemhakikishia kijana wetu kwamba bei zitashuka anabahatisha tu, hata akisema kwa sauti ya nabii.

Mtakatifu Thomas wa Akwino afundisha kwamba busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuhukumu, na kuamuru, na lililo kuu ni hilo la tatu. Wengi wetu hufia katika la kwanza. Tunawafahamu watu waliosoma ulinganisho wa kadi kwa mwaka mzima, wanaojua kwa ghibu kasi ya kila toleo, na kazi yao ingali palepale. Hao hawangoji, wamekwama. Nasi tumo: vipaza sauti vya kanisa letu tulivingojea toleo bora miaka miwili, waamini wa viti vya nyuma wakikosa mahubiri. (Baadhi yao, twahofia, hawakulalamika.)

Basi tuliacha habari za soko, tukamwuliza kazi yake imekwama wapi. Akajibu kwamba video ya harusi moja huchukua usiku kucha kutoka, na umeme ukikatika alfajiri huanza upya. Wateja wawili wamekwisha kuhamia kwingine. Hapo kwetu shauri limekwisha. Hasara anayoipata kila mwezi anaijua, lakini punguzo analoahidiwa hakuna alijuaye. Anunue.

Ila asinunue kwa jina la upya. RTX 3060 ya mwaka 2021 ilitoka na gigabaiti 12, lakini RTX 4060 iliyoifuata mwaka 2023 ilikuja na 8. Kwa mhariri wa video zenye picha kubwa, tofauti hiyo si ndogo. Aangalie pia umeme. Kadi yake ya sasa hula wati 75 na kwa kawaida huupata umeme wote kwenye ubao mama. 3060 hutaka wati 170 na waya wake wa pekee. Pawa saplai ya zamani ikishindwa, fedha alizokusanya hazitatosha. Na akichukua ya mtumba, aione ikifanya kazi nzito mbele ya macho yake kabla ya kulipa, kwa maana nyingine zimechimba sarafu usiku na mchana mpaka feni zimechoka.

Mdogo wake, aliyekuwa amesimama mlangoni, naye akauliza kwa ajili ya michezo yake. Kucheza si dhambi. Lakini michezo anayoipenda inakwenda vizuri kwenye kadi aliyo nayo. Kilichomsumbua ni tangazo. Tukamwambia angoje. Kadi hizi nyingi hubeba vipuri vya tantali, na Kongo ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa madini hayo. Machimbo ya Rubaya, Kivu ya Kaskazini, yalishikwa na M23 mwaka 2024. Si halali kukitupa kifaa kizima kwa sababu ya tangazo, huku jirani zetu wakifukiwa mashimoni kwa ajili ya kingine.

Ile 1050 Ti inatosha kabisa kurusha Misa, na halmashauri ya walei imekuwa ikijadili kununua kadi tangu Kwaresima. Tumemwomba kijana atuachie. Ametaja bei. Tunaendelea kuzungumza.

Dominika njema.