Rezista haiwezi kuiongezea Kitale hewa

BARABARANI
Na Nekesa Wanyonyi

Msomaji wa Kiminini ameniuliza kama ni kweli kwamba rezista moja ikifungwa kwenye waya za sensa ya hewa, Toyota Probox yake itapata nguvu na kupunguza ulaji wa mafuta. Si kweli. Ila swali hili nimeulizwa na madereva wengi mno, kuanzia stendi ya Kitale hadi Kanduyi, kiasi kwamba nikikataa tu bila kueleza nitakuwa nimewaachia uwanja wanaoiuza hiyo rezista.

Hila yenyewe ni nyepesi. Kwenye bomba linaloingiza hewa injinini kuna sensa ya joto, kipande kidogo ambacho ukinzani wake wa umeme hupanda hewa ikipoa na kushuka hewa ikipata moto. Kwa Toyota nyingi, hewa ya nyuzi 20 huipa sensa ohmu 2,400 hivi. Hewa ikifika nyuzi 60 zinabaki kama 600. Fundi akiweka rezista pale, kompyuta ya injini inaamini kwamba gari liko kwenye baridi kali hata kama ni saa nane mchana Bungoma. Hewa baridi ni nzito, ina oksijeni zaidi, kwa hiyo kompyuta humwaga petroli zaidi na kuwasha cheche mapema zaidi. Hapo ndipo nguvu inapodaiwa kutoka.

Tatizo ni kwamba kompyuta haitegemei shahidi mmoja tu. Kwenye Probox, sensa hiyo ya joto inakaa nyumba moja na sensa nyingine inayopima uzito wa hewa kwa waya wenye moto: hewa ikipita huupoza waya, na umeme unaohitajika kuurudishia joto ndio unaoeleza hewa ni kiasi gani. Hiyo haidanganywi na rezista. Halafu kwenye ekzosi kuna sensa ya oksijeni inayonusa moshi, na ikiona petroli imezidi, kompyuta inapunguza. Ndani ya dakika chache za mwendo wa kawaida, petroli uliyoongeza kwa mlango wa mbele imeshatolewa kwa mlango wa nyuma. Ukikanyaga mafuta hadi chini, hapo kompyuta haimsikilizi sana yule wa ekzosi, na petroli ya ziada inaungua vibaya: plagi zinakuwa nyeusi, katalisti inapata moto kupita kiasi, na ulaji wa mafuta uliotaka upungue unapanda.

Cheche ya mapema ndiyo inayoniogopesha zaidi. Ikiwahi kupita kiasi, injini inagonga, ile sauti ya kokoto ndani ya debe mnayoisikia mkipanda mlima na mzigo. Wenye Subaru za turbo wasikie vizuri. Gari lile lilitengenezewa petroli ya premium ya Japani, ambayo kwa kiwango chao okteni yake haishuki chini ya 96. Super ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Injini ambayo tayari inaishi karibu na kugonga, wewe unaiambia hewa ni baridi, iwashe cheche mapema zaidi! Pistoni ikitoboka usimtafute mchawi.

Sasa, mbona wapo wanaoapa kwamba rezista imefanya kazi? Nawaamini kwamba walihisi kitu. Kitale iko kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi, Bungoma mita 1,400 hivi. Kadiri unavyopanda, ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi: Kitale kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Injini isiyo na turbo hubaki na nguvu kwa karibu kiwango hicho hicho. Probox ya 1.5 iliyotoka Japani ikiwa na nguvu za farasi zaidi kidogo ya 100, Kitale inabaki na 80 na ushei, na hakuna aliyeiibia. Mtu anafungiwa rezista yake asubuhi, anateremka Kamukuywa, Misikhu, Webuye, mpaka Bungoma. Ameshuka mita 500. Hewa yenyewe imempa kama asilimia tano ya nguvu, na barabara yenyewe inateremka. Anafika Kanduyi anatabasamu, anampigia fundi simu kumshukuru. Mwulize gari lilikuwaje wakati wa kurudi.

Kuna na sababu ya pili. Fundi anapofanya kazi hiyo huchomoa betri, na kompyuta husahau yote iliyojifunza kuhusu injini iliyochoka. Kwa siku mbili tatu gari linajibu tofauti, kisha linarudi palepale. Mwenye gari huwasimulia wenzake siku hizo za mwanzo, wala harudi kuwaambia nguvu ilipopotea.

Wanaotafuta nguvu ya kweli wanajua iko wapi. Toyota, kampuni ambayo mwaka 1993 ilichukua nafasi zote nne za kwanza za Safari Rally, ilikamatwa mwaka 1995 kwenye mashindano ya Catalunya, Uhispania, ikiwa imetengeneza turbo inayopenyeza hewa pembeni ya kizuizi kilichowekwa na sheria. FIA, shirikisho linalosimamia mashindano hayo, iliifungia mwaka mzima. Ulikuwa wizi, na siutetei, lakini tazama waliiba nini: hewa yenyewe. Wahandisi wenye fedha na maabara wangeweza kuridhika na kuidanganya kompyuta kwa rezista ya shilingi chache kama ingekuwa inaleta ushindi. Na huko Marekani, shirika la mazingira la serikali, EPA, limepima vifaa zaidi ya 100 vinavyodaiwa kupunguza ulaji wa mafuta, na halikupata hata kimoja chenye manufaa ya maana.

Hewa ya huku kwetu tunaipoteza kwa njia za kawaida kabisa. Kuanzia Desemba hadi Machi, vumbi la barabara za murram za Trans Nzoia linaziba filta kabla ya muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, kitabu kilichoandikiwa lami ya Japani. Bomba la mpira baada ya filta hupasuka, hewa isiyopimwa inaingia, injini inatetemeka ikiwa imesimama. Waya wa ile sensa ya hewa unashika uchafu. Na wanaofunga zile filta za koni zinazopakwa oili wanauchafua wenyewe, kwa gharama yao. Usafi wake unafanywa kwa dawa ya kupuliza ya sensa, si kwa mswaki wala petroli. Kazi hizi hazina sifa kijiweni, ndiyo maana hazifanywi.

Wenye matatu sina la kuwaambia sana. Tangu kanuni za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zianze kutekelezwa Februari 2004, gari lako limefungwa lisizidi kilomita 80 kwa saa. Unayemlipa akuongezee nguvu za kufikia kasi ipi?

Mafundi nao nawaheshimu, wengi wamejifunza kazi chini ya mti na wanaijua injini kwa sikio kuliko wenye vyeti. Lakini gari la leo halielezi kila kitu kwa sauti. Vyuo vipo: Kitale National Polytechnic iko hapa, Sang'alo iko Bungoma, na mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, hauulizi ulisoma shule gani. Fundi asiye na mashine ya kusomea kompyuta ya gari hafai kukata waya wa sensa yoyote.

Kwa msomaji wangu wa Kiminini, na kwa yeyote aliyenunua Probox mkononi: kabla ya kuwasha injini alfajiri, mwombe mwenye mashine akusomee joto la hewa na joto la maji ya injini. Gari lililolala nje usiku kucha, namba hizo mbili zinapaswa kukaribiana. Kama maji yanasema nyuzi 15 na hewa inasema sifuri, kuna rezista humo. Iondoe, uunganishe waya kama ulivyotoka kiwandani, na fedha ulizokuwa umempangia fundi nunua filta mpya.