VIGAE VIPYA HAVIZUII MAJI



Tororo inatoa saruji tangu miaka ya 1950. Lakini katika kambi za wafanyakazi, huko na hapa Busia, maji ya bafu hupenya ukutani mpaka chini ya kitanda cha mtoto. Tukilalamika, mwajiri huleta vigae vipya. Vinang'aa mwezi mmoja, kisha ukuta unaloa tena.

Tunasema wazi: kigae si kizuizi. Maji hupita katika viungo, hata vikijazwa saruji nyeupe. Kizuizi chenyewe hukaa chini ya vigae. Basi vya zamani vibomolewe, sakafu ipewe mteremko kuelekea tundu la maji, ipakwe dawa ya kuzuia maji mara mbili, nayo ipande ukutani kama sentimita 15. Pembeni patiwe kitambaa, maana nyufa huanzia hapo. Kisha tundu lizibwe, maji yamwagwe na kuachwa saa 24. Yasipovuja, ndipo vigae vibandikwe. Siku hiyo tunataka mjumbe wetu awepo. Fundi analipwa kwa bafu, kwa hiyo ana haraka, wala hatumlaumu.

Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri atoe nyumba inayofaa au fedha ya kutosha ya kodi. Nyumba inayovuja inafaa nini? Kwa ndugu wa Uganda, jaribio la maji liandikwe katika mkataba wa pamoja. Matawi yalete orodha ya bafu zinazovuja kabla ya kikao na waajiri.