Makosa hospitalini: Kumsimamisha nesi hakumwokoi mgonjwa ajaye

Umewahi kutuma M-Pesa kwa mtu usiyemjua kwa sababu kidole kilibonyeza 7 badala ya 4? Usione haya, uko na wenzako wengi. Safaricom haikuishia kutuambia tuwe makini. Ilileta Hakikisha, jina la anayetumiwa likaanza kutokea kabla pesa hazijaondoka. Ukikosea hata hivyo, unatuma ujumbe ule kwa 456 na kuomba pesa zirudishwe. Cha muhimu ni uwahi.

Sasa niambie: mbona mia tano yako ina ulinzi huo, na mtu anayetolewa kwenye ajali akiwa hai hana?

Sisi wa Meru na Embu tunalijua daraja la Nithi. Ukipanda matatu Makutano, Meru, ukapita Chogoria na gari likaanza kuteremka, stori huisha zenyewe. Julai 24, 2022, basi la Modern Coast lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia bondeni hapo. Zaidi ya watu 30 walifariki. Tulibishana kuhusu breki, kampuni na jinsi barabara ilivyojengwa, na hayo yote yalifaa kusemwa. Lakini kuna safari nyingine ambayo hatuizungumzii sana: ile ya manusura, kutoka bondeni hadi kitandani.

Hebu tuihesabu. Wananchi wanamtoa kwenye mabaki. Pikapu au boda inamkimbiza kituo cha karibu. Nesi anamfunga jeraha na kumdunga dawa ya maumivu. Anaandikiwa rufaa, ambulensi inampeleka Embu au Meru. Kule anapokelewa na nesi mwingine, anapelekwa wodi, kisha chumba cha upasuaji. Hiyo ni mikono sita au saba, na kila anapokabidhiwa kuna kitu kinaweza kudondoka njiani: saa aliyodungwa dawa, kipimo alichopewa, dawa zinazomkataa, hata jina lake. Nesi wa pili asipojua kuwa wa kwanza alishadunga, atadunga tena. Hajafanya hivyo kwa ubaya. Hakuambiwa tu, na mgonjwa hawezi kujisemea.

Ukidhani natia chumvi, kumbuka Hospitali Kuu ya Kenyatta mwaka 2018. Mgonjwa alipasuliwa kichwa kuondolewa damu iliyoganda. Madaktari walitafuta damu hiyo wasiione, ndipo ikabainika kwamba aliyekuwa mezani siye. Alama za utambulisho za wagonjwa wawili zilikuwa zimechanganywa. Taifa zima likapiga kelele. Daktari, manesi na mtaalamu wa nusukaputi wakasimamishwa kazi, na mkurugenzi mkuu akapewa likizo ya lazima.

Hasira ile ilieleweka. Lakini tazama: lebo ilikosewa mahali pamoja, na baada ya hapo mgonjwa akapita kwa watu kadhaa wenye elimu na uzoefu bila yeyote kuligundua kosa. Ukimwondoa mtu mmoja kwenye mnyororo kama huo, utaratibu unabaki vilevile, ukimsubiri mwingine aliyechoka.

Mwanasaikolojia Mwingereza, James Reason, alilieleza jambo hili vizuri. Tuseme shamba lako lina nyua nne, na kila ua una tundu lake. Mbuzi hafiki kwenye mahindi ila siku matundu yote manne yanapolingana. Unaweza kumchapa mchungaji wa siku hiyo, lakini matundu bado yapo.

Dawa yake wala si mashine ya mabilioni. Mwaka 2008, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizindua orodha ya ukaguzi wa upasuaji, karatasi moja yenye mambo 19. Kabla ya kukata, timu inasimama na kusema kwa sauti: huyu ni nani, anapasuliwa nini, na upande gani? Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani. Moja ilikuwa London, nyingine Toronto, na nyingine hapa jirani, Ifakara, Tanzania. Matokeo yalichapishwa 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Karatasi moja tu, na mtu anayeruhusiwa kusema, "Ngojeni kidogo." Hapo kwa kuruhusiwa ndipo penye kazi, kwa sababu nesi mdogo anayejua kwamba kosa litamfanya afutwe na kuanikwa mitandaoni atanyamaza. Na kosa likinyamaziwa leo Meru, litarudiwa kesho Embu.

Basi mtaniuliza, kwani hakuna wa kuadhibiwa? Wapo. Anayekosea na anayekataa si sawa. Oktoba 2015, mwanamume aliyegongwa na gari alikaa ndani ya ambulensi kwa takriban saa 18 jijini Nairobi akizungushwa kutafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi. Alifariki. Hapo tatizo halikuwa lebo. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inaweka faini ya hadi Sh3 milioni kwa kituo kinachoshindwa kuyatoa hali uwezo kinao. Sheria hiyo inahesabu pia huduma ya kabla ya kufika hospitali, kumtuliza mgonjwa na kumpangia rufaa. Anayefunga mlango, anayekuja zamu akiwa amelewa na anayebadilisha rekodi ili kuficha kosa, hao washtakiwe. Lakini aliyekosea akasema papo hapo, tumsikilize, kwa sababu yeye ndiye anayetuonyesha tundu lilipo.

Kwetu jambo hili lina uzito zaidi. Afya ni kazi ya kaunti tangu 2013, na barabara yetu moja inapita kaunti tatu: Meru, Tharaka Nithi na Embu. Majeruhi hajui mpaka. Kwa hivyo, kiongozi akija kuzindua ambulensi mpya yenye picha yake ubavuni, tusimshangilie kabla ya kumuuliza mambo matatu. Je, kaunti hizi tatu zinatumia fomu moja ya kumkabidhi mgonjwa? Je, anayepokea hurudia kwa sauti alichoambiwa, jinsi rubani anavyorudia maagizo ya mnara? Na je, mfanyakazi ana mahali pa kuripoti kosa bila kuhofia kazi yake?

Nawe usikae ukingoja kaunti. Ukikuta ajali, piga 1199, namba ya dharura ya Msalaba Mwekundu. Kabla ya kutoa simu kurekodi video, itumie kuandika mambo manne: ajali imetokea saa ngapi na vipi, mtu ameumia wapi, hali yake ikoje, na amefanyiwa au kupewa nini. Mpe anayempokea, kisha umwombe akusomee tena. Ukiwa na mgonjwa wako wodini, kila anayekuja na sindano muulize kwa heshima, "Daktari, hii ni dawa gani, na ni ya nani?"

Si kumkosea adabu. Simu yako huuliza swali hilohilo kila siku kabla ya kuachilia mia tano.