Kinasa sauti chako kinaongea lugha ya nani?

Leo naweka kando mambo ya simu na tovuti, nizungumzie mashine ambayo ni rika langu kabisa.

Mwaka jana shangazi yangu wa Eldoret alinipigia simu. "Mwanangu, si wewe ndiye uliyesomea tarakilishi? Njoo utuangalizie mashine ya mwalimu." Mwalimu ni aliyekuwa akiongoza kwaya yao, na mashine ni kinasa sauti cha kidijitali cha njia nane alichokinunua mtumba. Kwa asiyejua, kinasa cha njia nyingi hurekodi kila sauti au ala kwenye njia yake, ili baadaye uweze kuongeza besi au kupunguza ngoma bila kugusa vingine.

Ndani mlikuwa na nyimbo 14. Katika njia ya kwanza ya kila wimbo, sauti ya mwalimu mwenyewe. Yeye alifariki miaka mitatu iliyopita, na kwaya haina rekodi nyingine yake.

Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Ng'oa diski, ichomeke kwenye tarakilishi, nakili faili, kunywa chai ya shangazi, rudi Nairobi. Wapi! Linux iliiona diski, lakini haikuona faili hata moja. Mtengenezaji alikuwa amebuni mpangilio wake mwenyewe wa kuhifadhi data, na hakueleza popote unavyofanya kazi. Programu aliyoitoa ya kuusoma ilikoma kwenye Windows 98 na Mac za kale. Jina la kampuni nitalimeza, kwa sababu haikuwa peke yake kufanya hivyo.

Kilichotuokoa ni tundu dogo la mviringo nyuma ya mashine: MIDI. Tangu 1992 kuna kanuni inayoitwa MIDI Machine Control, au MMC kwa kifupi, inayoeleza namna ya kuamuru kinasa chochote kicheze, kisimame, kirekodi au kirudi mwanzo. Amri ya "cheza" ni baiti sita tu:

F0 7F 7F 06 02 F7

F0 inafungua ujumbe. 7F ya kwanza inasema huu ni ujumbe wa wote wa papo kwa papo, si wa kampuni moja. 7F ya pili ina maana "mashine zote zilizounganishwa". 06 ni amri za kuendesha mashine, 02 ni cheza, F7 inafunga. Ukitaka isimame, badilisha 02 iwe 01. MIDI hupitisha biti 31,250 kwa sekunde na kila baiti hutumia biti 10, kwa hiyo amri nzima inafika chini ya milisekunde mbili.

Nikaandika programu ndogo ya Python. Rudisha wimbo mwanzo, anza kurekodi kwenye tarakilishi, cheza, subiri, simamisha. Mashine ilitoa njia mbili tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila wimbo ulipita mara nne. Nyimbo 14, mara nne, kama dakika tano kila moja: dakika 280. Nilitumia tundu lake la sauti ya kidijitali ili tarakilishi ifuate saa ya mashine, maana saa mbili tofauti zingefanya njia zipishane kidogo kidogo hadi wimbo uchakae. Jioni shangazi alimsikia mwalimu akihesabu "moja, mbili, tatu" kabla ya wimbo, akatoka nje.

Sasa maoni yangu. Mashine ile ile ilikuwa na mlango mmoja wazi na mmoja uliofungwa. Amri zake zilifuata kanuni ya wote, kwa hiyo kijana aliyezaliwa karibu na mwaka ilipoundwa aliweza kuiandikia programu mpya. Mpangilio wa faili zake ulikuwa siri, kwa hiyo kazi ya dakika kumi ikala siku nzima. Tunaponunua vinasa tunauliza njia ngapi na ubora gani. Hatuulizi kama vinaongea lugha ambayo mtu mwingine anaweza kujifunza.

Chukua mfano wa Alesis HD24. Inarekodi njia 24 za biti 24 kwa 48 kHz, kwenye diski za kawaida za tarakilishi. Nyuma ina tundu la mtandao, unachukua nyimbo kwa FTP bila programu ya pekee. Vizuri sana, ila tundu lenyewe ni la megabiti 10. Piga hesabu: 24 × 48,000 × baiti 3 ni takriban megabaiti 3.46 kwa sekunde, na tundu haliwezi kupitisha zaidi ya 1.25. Saa moja ya muziki itachukua angalau saa mbili na dakika 46 kutoka. Na ukiichomeka diski moja kwa moja kwenye tarakilishi, haisomeki, kwa kuwa ina mpangilio wa Alesis wenyewe uitwao FST. Watumiaji waliuchunguza mpangilio huo wenyewe, wakaandika hd24tools, programu huria chini ya GPL inayosoma diski hizo. Kiwanda hakitengenezi tena HD24, lakini rekodi zake bado zinafunguka.

Siku hizi hali ni afadhali. Miksa ya Behringer X32, iliyotoka 2012, hupokea amri za OSC kupitia mtandao kwenye bandari 10023 ya UDP, na kadi yake ya X-Live inarekodi njia 32 kwenye kadi za SD katika faili za WAV. Mtu akitaka kuiandikia programu yake ya simu, njia ipo.

Najua mtaniambia: kwa nini tusirekodi moja kwa moja kwenye tarakilishi na kusahau haya yote? Studioni, sawa. Lakini kwenye mkutano wa injili uwanjani, na jenereta inayokohoa, mimi bado naamini zaidi mashine yenye kazi moja kuliko laptopu inayoamua kusasisha Windows katikati ya pambio.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, uliza haya matatu:

1. Amri zake zimeandikwa hadharani, iwe MMC, OSC au nyingine?
2. Faili zake ni WAV za kawaida?
3. Naweza kuzitoa bila programu ya mtengenezaji?

Jibu likiwa "hapana" mara tatu, usinunue, hata kama bei ni ya kutupa. Na ninyi waandishi wa programu wenzangu, mkifanikiwa kufungua mashine kama hii, andikeni mlivyofanya na muiweke kodi hadharani. Kuna kwaya nyingine mahali fulani yenye mashine kama hiyo kabatini, na tundu lile la mviringo hakuna aliyeliona bado.